Neno Moja la Kweli na Mia za Uwongo

Kila sifa njema ni yake Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyofichika na yaliyo dhahiri. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Usiku mmoja katika darsa yetu hapa Malindi, tulipokuwa tukifasiri mwanzo wa Suratul Baqara, tulifika penye sifa ya wamchao Mungu, kwamba wao huamini yaliyo ghaibu. Mzee mmoja akauliza: "Sheikh, ikiwa sisi twaamrishwa kuamini ghaibu, mbona mwatukataza kumwamini mganga? Na yeye si ghaibu hiyo hiyo atwambiayo?" Kabla sijamjibu, kijana mmoja mwanafunzi wa chuo akadakia: "Mimi, maalim, naona yote hayo ni hekaya za kale. Majini, uchawi, nyota, yote ni mamoja." Wengine wakacheka, wengine wakakasirika, na adhana ya Isha ikatukatiza maneno.

Masuala yale mawili hayakuniacha kulala. Mzee ameamini kila anachoambiwa, na kijana amekanusha kila asichokiona. Ukitazama vyema utaona wamepita njia moja, maana hapana katika wao aliyepima. Kwa hiyo nimeona niandike somo hili, tutazame kwa nini watu huamini mambo ya ajabu na kwa nini wengine huyakanusha, kisha tutafute mizani ya Kiislamu ya kuyapimia. Msomaji asidhani kuwa ni mazungumzo ya barazani tu. Katika pwani yetu hii watoto wanakufa na wazee wanauawa kwa sababu ya jambo hili.

MSINGI WA SOMO

Muislamu huamini ghaibu. Huamini malaika, Siku ya Mwisho, Pepo na Moto, na huamini kuwa majini wako, kwa kuwa Qur'ani imewataja na sura nzima imeitwa kwa jina lao. Mwenye kukanusha haya amekanusha wahyi.

Lakini Qur'ani hiyo hiyo, katika Suratun Naml aya ya 65, yatufundisha kwamba hapana aliye mbinguni wala ardhini ajuaye ghaibu ila Mwenyezi Mungu. Na katika Sura ya Saba aya ya 14 tumepewa kisa cha Nabii Sulayman (a.s.). Alikufa hali ameegemea fimbo yake, na majini wakaendelea na kazi ngumu wakidhani yu hai anawatazama. Hawakutambua mpaka mdudu wa ardhini alipoila fimbo, mwili ukaanguka. Hapo ndipo ilipodhihiri kwamba lau wangalijua ghaibu, wasingalikaa katika taabu ile.

Basi fikiri, ndugu yangu. Jini mwenyewe hakujua mauti ya mtu aliyesimama mbele yake. Itakuwaje ajue nani ameiba ng'ombe wako, au nani amemroga mwanao, kisha amnong'oneze mganga kwa malipo ya kuku mwekundu na noti?

Jibu la mzee wetu ni hili. Kuamini ghaibu ni jambo moja, na kumwamini kila mwenye kudai kuijua ghaibu ni jambo jingine. La kwanza ni imani, na la pili Qur'ani imelikata.

SABABU ZA WATU KUAMINI

Sababu ya kwanza: watu huhesabu yaliyosibu, wakasahau yaliyokosea.

Bibi Aisha (r.a.) amepokea Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim. Watu walimwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya makuhani, wakamwambia kwamba mara nyingine husema neno likawa kweli. Naye akaeleza kuwa neno hilo la kweli hunyakuliwa na jini, akalitia katika sikio la rafiki yake kuhani, na wao wakalichanganya na uwongo zaidi ya mia. Tazama hekima iliyomo. Mtume hakuwaambia watu kwamba wamesikia vibaya. Amewaonyesha hila ilipo: lile moja ndilo linalobebwa na watu mitaani, na zile mia hazina mwenye kuzisimulia.

Na mimi nina ushahidi juu ya nafsi yangu. Nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu nilijifunza hisabu ya nyota kwa kitabu kinachonasibishwa na Abu Maashar Falaki, kama walivyojifunza wengi katika wanafunzi wa pwani. Akanijia bibi mmoja aliyepotelewa na bangili ya dhahabu. Nikapiga hisabu, nikamwambia aliyeichukua ni mwanamke wa karibu, si mrefu wala si mfupi. Akarudi nyumbani akamtuhumu binti aliyekuwa akimsaidia kazi, akamfukuza. Baada ya miezi mitatu bangili ilionekana ndani ya foronya, katika nguo za kuwekwa. Bibi yule hakumwambia mtu, kwa haya. Nami sikumwambia mtu, kwa sababu ile ile. Mwezi uliofuata walinijia watu wanne wengine, kwa kuwa sifa yangu haikupungua hata kidogo. Binti yule alikwisha rejea kwao bara ya Kilifi na jina la wizi juu ya kichwa chake. Nimemtafuta nimwombe radhi, sikumpata hadi leo.

Huo ndio msingi wa kazi yote ya kupiga ramli: panaposibu pana wasimulizi, na panapokosea pana wenye haya.

Sababu ya pili: maradhi mengi huondoka yenyewe, na aliyekuwapo akapewa sifa.

Chukua degedege. Mtoto mdogo anapandwa na homa, macho yanageuka, viungo vinakakamaa na kutupika. Ni jambo la kutisha. Mama hulia akidhani mwanawe anakata roho. Wazee wetu walisema ni dege lililopita juu ya nyumba usiku, na jirani zetu Wagiriama huliita nyuni, nalo ni ndege vile vile. Basi mganga huitwa, akafukiza, akafunga hirizi, na baada ya kitambo mtoto akatulia. Nani atakayemwambia mama yule kuwa hakuponywa na mafusho?

Lakini matabibu wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, na katika mahali lilipochunguzwa sana ni hapa hapa Kilifi, ambapo kituo cha utafiti cha KEMRI kilianza kazi mwaka 1989 pembezoni mwa hospitali. Degedege nyingi za homa huanza na kwisha zenyewe katika muda usiofika dakika tano. Kwa hiyo afikaye baada ya hapo, awe mganga, awe sheikh, awe jirani aliyekuja kuomba chumvi, atakuta mtoto anatulia. Tatizo ni kwamba degedege nyingine ni dalili ya malaria iliyopanda kichwani. Hiyo haingoji mafusho. Huua, au humwachia mtoto kifafa na upungufu wa viungo.

Na hapa imezaliwa dhana nyingine mbaya zaidi, kwamba mtoto mwenye degedege akipigwa sindano hufa. Tazama ilivyozaliwa. Mtoto hupelekwa kwa mganga kwanza, siku mbili, siku tatu. Akiisha kulegea ndipo hukimbizwa hospitali, akapigwa sindano, akafa. Lawama ikawa juu ya sindano, na zile siku tatu zikasahauliwa. Ndiyo hesabu ile ile tuliyoitaja, iliyogeuzwa uso.

Sababu ya tatu: mwili na nafsi vina mambo yao, na mtu huyavisha sura anayoijua.

Kila mmoja wetu amepata kusikia juu ya magofu ya Gede, au ameyaendea. Mji ule wa Waislamu ulistawi khasa katika karne ya 15, nao ukahamwa katika karne ya 17. Una msikiti mkubwa, jumba la mfalme, visima, na kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijra. Kisha msitu ukaumeza. Watu wa jirani husema pana majini na roho za wazee zinazolinda mahali, na kwamba anayeiba kitu pale hupatwa na msiba. Hata Mwingereza James Kirkman, aliyeanza kuchimba magofu yale mwaka 1948, ameandika kwamba siku za mwanzo alijihisi kana kwamba kuna kitu nyuma ya kuta kinamtazama, kisicho adui wala rafiki.

Je, alikuwako jini? Mimi sijui, na asemaye kuwa ajua na alete hoja yake. Ninalojua ni kwamba mtu akiingia peke yake baina ya kuta zilizoachwa, chini ya mibuyu, nyani wanavunja vijiti asipowaona, nywele zitamsimama, awe Mwarabu, Mgiriama au Mzungu. Hisia ile ni ya kweli. Tafsiri yake ndiyo inayotaka dalili. Kirkman hakukimbia. Alichimba, akapata vyombo vya Kichina na ushanga, tukaijua historia ya wazee wetu. Lau angaliridhika na hisia yake, tusingalijua kitu. Na khabari ya kuhamwa kwa mji, wenye ilimu hutaja kushuka kwa maji ya visima na mashambulio ya Wagala, mambo ambayo mtu aweza kuyatafutia athari ardhini.

Mfano ulio wazi zaidi ni jinamizi. Mtu ameamka usiku, macho yanaona dari, lakini hawezi kuinua hata kidole. Anahisi uzito kifuani na kivuli kando ya kitanda. Matabibu wanaeleza kwamba wakati wa kuota ndoto viungo vya mwili hufungwa, tusije tukainuka tukatenda tunayoyaota. Na mara nyingine akili huamka kabla viungo havijafunguliwa. Ni jambo la dakika chache, nalo huwapata watu wa mataifa yote. Lakini kila nchi imelipa jina lake. Mwaka 1995 Pemba na Unguja zilishikwa na khofu ya Popobawa. Watu wazima waliacha nyumba zao wakalala nje kwa makundi, na waliokuwa wakisimulia waliyoyapata usiku walisimulia uzito ule ule na kushindwa kujitikisa kule kule. Khofu ilipozidi, mjini Zanzibar kundi la watu lilimwua mtu aliyekuwa mgonjwa wa akili, wakidhani ndiye. Lile dude halikushikwa, na damu ya mtu ilimwagika.

Sababu ya nne: ujinga uliovishwa nguo za ilimu.

Watu wetu wanaheshimu herufi za Kiarabu, na ni haki waziheshimu. Kwa hiyo mganga mwenye kitabu huaminiwa kuliko mwenye kibuyu. Hebu tukipime kitabu chake. Hisabu ya nyota huchukua jina la mtu na jina la mama yake, kila herufi ikapewa idadi yake ya abjadi, zikajumlishwa, kisha zikatolewa kumi na mbili kumi na mbili. Kinachobaki ndiyo nyota yake.

Tumchukue Muhammad mwana wa Fatima. Muhammad ni mim 40, ha 8, mim 40, dal 4, jumla 92. Fatima ni fe 80, alif 1, to 9, mim 40, na herufi ya mwisho. Herufi hiyo ukiihesabu kuwa he ni 5, basi Fatima ni 135, na jumla ya wote wawili ni 227. Ukitoa kumi na mbili kumi na mbili yabaki 11, na nyota yake ni Dalu, yaani Ndoo. Lakini ukiihesabu kuwa te ni 400, Fatima akawa 530, jumla 622, ikabaki 10, na nyota yake ikawa Jadi, yaani Mbuzi. Na tofauti ya he na te mwisho wa jina hilo ni nukta mbili za kalamu! Basi ndoa ya mtu, safari yake na maradhi yake yote yageuka kwa nukta mbili?

Tena, Lamu, Mambrui, Malindi na Mombasa wamepita akina Muhammad wana wa Fatima wangapi? Katika hao yuko nahodha, yuko mwenye duka, yuko aliyekufa mtoto na yuko aliyeishi mpaka akashika mkongojo. Nyota yao ni moja. Mtoto wa chuoni mwenye ubao na chaki aweza kuibatilisha ilimu hii.

Sababu ya tano: msiba hutaka mtu wa kulaumiwa.

Hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote, nayo tutairudia mwisho wa somo. Mtu akifiwa, hauliza tu kilichomwua marehemu. Huuliza pia kwa nini huyu, na kwa nini sasa. Tabibu atajibu suala la kwanza na kunyamaza. Mganga hujibu yote, tena humpa jina la jirani. Moyo wenye majonzi huona jibu lenye jina ni bora kuliko kunyamaza.

SABABU ZA WATU KUKANUSHA

Sasa namgeukia kijana wetu, na sitamkaripia, kwani ana sababu zake.

Kwanza, ameona udanganyifu. Amemwona mganga akitoa msumari kinywani na kudai ameutoa mguuni mwa mgonjwa. Mwenye kudanganywa mara tatu hukanusha hata ya nne iliyo kweli. Dhambi hiyo si yake peke yake, ni ya waliomdanganya.

Pili, amefundishwa kukubali kinachopimika tu. Njia hii ni nzuri katika mambo ya mwili na ardhi, na Waislamu wa zamani waliipita kabla yake. Lakini kwamba chombo hakikipimi kitu si dalili ya kuwa kitu hicho hakiko. Wajibu wa mwenye akili ni kusema sijui pale asipojua. Malaika na majini hatukuwajua kwa kipimo. Tumewajua kwa khabari ya Mtume mkweli. Basi asiwatie pamoja na nyota za mganga, ambazo tumezipima kwa hisabu zikaanguka.

Tatu, adhani kwamba kumpinga mganga ni kuiacha dini. Na hapa nataka ajue kwamba wanazuoni wetu wamemtangulia. Katika khabari ya sihri, jamhuri ya Ahli Sunna wamesema iko na yaweza kudhuru kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, kama ifahamikavyo katika Suratul Baqara aya ya 102. Lakini Imamu Abu Bakr al-Jassas, mwanazuoni wa Kihanafi aliyefariki mwaka 370 Hijra, amezieleza kwa urefu katika tafsiri yake hila za wenye kudai uchawi, akaona kuwa ni kiini macho na udanganyifu. Na katika karne ya 7 Hijra, al-Jawbari wa Damaskasi aliandika kitabu kizima cha kufichua siri za matapeli: waganga wa uwongo, wadai wa utume na wachimba hazina. Kumshuku mganga, kijana wangu, ni sunna ya wanazuoni kabla ya kuwa desturi ya Wazungu.

MIZANI YETU

Mizani ya Muislamu ni masuala manne. La kwanza: nani kasema, na je, alikuwapo? Suratul Hujurat aya ya 6 imetuamrisha kuihakikisha khabari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. La pili: amekosea mara ngapi? Usiulize amesibu mara ngapi, kwani hayo utaambiwa bila ya kuuliza. La tatu: jambo hili lingalitokea hata kama yeye hakuwapo? La nne: anapata nini tukimwamini?

Suala hili la nne ndilo lenye mfano mkubwa katika maisha ya Mtume wetu (s.a.w.). Mwaka wa 10 Hijra, yaani 632, alifariki mwanawe Ibrahim, mtoto mchanga aliyempenda mno. Siku ile ile jua likapatwa. Watu wa Madina wakasema: jua limepatwa kwa mauti ya Ibrahim. Fikirini! Lau Mtume angalinyamaza tu, bila ya kusema neno, watu wangalizidi kumtukuza. Lakini alisimama, hali ana majonzi ya mwanawe, akawafundisha kwamba jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Akawaamrisha wasali na kuomba. Hadithi hii ni sahihi, iko katika Bukhari na Muslim.

Mtume wa haki alikataa muujiza usio wake. Mganga aliyekaa chumbani na vitambaa vyekundu, je, atakataa?

DAMU YA MZEE

Sasa tufike pale somo linapouma. Katika kaunti yetu ya Kilifi, kwa miaka mingi sasa, wazee wanauawa kwa tuhuma za uchawi. Tuhuma huanza hivi: mtoto amekufa, watu wamekwenda kupiga bao, mganga ametoa ishara za mtu mwenye mvi na macho mekundu. Ni mzee gani wa shamba asiye na mvi na macho mekundu, baada ya miaka sitini ya moshi wa kuni? Usiku vijana huja na mapanga. Na mara nyingi, ukichimbua, unaona pana ugomvi wa shamba, na watuhumu ndio warithi. Huko Ganze, katika Kaya Godoma, wamehifadhiwa wazee waliokimbia miji yao wenyewe, wakiwakimbia watoto waliowazaa.

Sheria ya nchi juu ya uchawi iko tangu mwaka 1925, nayo imemwekea adhabu anayetumia uchawi na vile vile anayemsingizia mwenziwe uchawi pasipo kumfikisha mbele ya wenye amri. Katika miaka ya 1960 mganga mashuhuri aliyeitwa Kajiwe alizunguka pwani hii akiutoa uchawi mijini, na watu wakamfuata kwa makundi. Lau uchawi ni kitu cha kung'olewa kwa njia ile, leo usingebaki wa kumwulia mzee hata mmoja.

Na sheria yetu ya Kiislamu yasemaje? Sisi wa pwani ni Mashafii, na Minhaj ya Imamu Nawawi husomeshwa katika darsa zetu. Humo imeandikwa kwamba sihri haithibiti ila kwa kukiri mwenyewe aliyeifanya, wala haithibiti kwa mashahidi. Na wafasiri wakaeleza sababu: shahidi hawezi kuuona moyo wa mtu anakusudia nini, wala hawezi kuiona athari ya sihri ikitoka kwa huyu ikimfikia yule. Subhanallah! Ikiwa wanaume wawili waadilifu, wenye ndevu na sala, ushahidi wao haupokelewi juu ya uchawi, utapokelewaje ushahidi wa kibuyu na mchanga? Na kukiri kwa mtu aliyefungwa kamba na kupigwa si kukiri. Kisha, hata pale jambo linapothibiti, hukumu ni ya kadhi na mahakama. Haikuwa kamwe ya vijana wa usiku.

Wala tusiseme haya ni ya watu wa bara, au ya wenye dini nyingine. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, upande huu huu wa Malindi, zilifukuliwa maiti zaidi ya 400, na uchunguzi wa serikali ukaonyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, baada ya kuambiwa kuwa kufunga mpaka kufa ndiyo njia ya kukutana na Mola wao. Wako Waislamu waliotikisa vichwa wakasema: tazama walivyo wajinga. Lakini usiku ule ule wao wenyewe walikuwa na miadi kwa mpiga ramli. Mlango ni mmoja: kumkabidhi mtu akili yako kwa kuwa adai kujua usiyoyajua.

Na sisi masheikh hatutoki safi. Nani aliyewaandikia watu hirizi kwa zaafarani, akapokea fedha, akanyamaza alipoulizwa kama mtoto apelekwe hospitali? Kusoma Fatiha na kumwombea mgonjwa ni sunna, na Mtume ameruhusu zinguo lisilo na shirki. Lakini Mtume huyo huyo ameamrisha tutafute dawa. Mwenye kuichukua dua akaifanya kizuizi cha dawa, ameitumia dini kinyume cha dini.

NINI LA KUFANYA

Mtoto akipatwa na degedege, mlaze kwa ubavu, usimtie kitu kinywani, msomee dua, na ukiwa unasoma uwe njiani kwenda hospitali. Ukipotelewa na mali, ulizia, tafuta tena nyumbani, kisha piga ripoti. Usimwendee mwenye kudai kujua, kwani imepokewa katika Muslim kwamba anayemwendea akamwuliza, sala yake haikubaliwi siku arubaini. Ukisikia mzee anatajwa kwa uchawi katika mtaa wako, nenda nyumbani kwake mchana, kila mtu akuone, ukae naye na unywe kahawa yake. Kitendo hicho kimoja kinazuia mapanga kuliko khutba kumi.

Na ewe kijana, usimcheke babu yako anapokusimulia majini. Mwulize kwa adabu: "Babu, uliliona wewe, au uliambiwa?" Na ewe mzee, usimwite mjukuu wako kafiri anapouliza dalili, Qur'ani, katika Suratul Israi aya ya 36, imetukataza kufuata tusilo na ilimu nalo, na kutuonya kwamba sikio, jicho na moyo vyote vitaulizwa.

MASUALA YA KUJIPIMA

1. Kuna tofauti gani baina ya kuamini ghaibu na kumwamini mwenye kudai ghaibu?
2. Taja neno moja la mganga unalokumbuka kuwa lilisibu. Kisha jitahidi kukumbuka yaliyokosea. Mbona ni taabu kuyakumbuka?
3. Kwa nini Mashafii hawakubali mashahidi katika kuthibitisha sihri?
4. Lau jua lingalipatwa leo siku ya mauti ya mtu mkubwa wa mji wetu, watu wangesemaje, nawe ungewajibuje?

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki tuifuate, na batili tuiepuke. Atusamehe tuliowadhulumu kwa dhana na ramli, na awafikishie salamu zetu wale ambao hatukupata kuwaomba radhi. Amin.